Nafuma hadi usiku wa manane, lakini hela siioni

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Pole na kazi ya kujibu barua zetu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole, jijini Mbeya, ila kwetu ni Tukuyu. Mwaka juzi nilinunua mashine ya kufumia masweta kwa mama mmoja aliyekuwa anahama, ile ya mkono ya kusukuma kulia na kushoto. Kabla ya hapo nilikuwa nafuma kwa sindano tu, nguo za watoto wachanga. Sasa nafanya vyote viwili: masweta ya shule kwa mashine, na seti za wachanga kwa sindano, yaani kisweta, kofia na soksi.

Wateja ninao, Shangazi, usije ukadhani nalia kukosa kazi. Baridi ya huku unaijua, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tano mpaka wa nane hakuna mtoto anayetoka asubuhi bila sweta. Shule zikikaribia kufunguliwa, Januari na Julai, nyumba yangu haikauki watu. Lakini wiki inaanza na kuisha, nimechoka hoi, na nikifungua pochi sikuti kitu cha maana.

Nikueleze siku yangu ilivyo. Naamka saa kumi na moja alfajiri, nawaandaa watoto, wakishatoka nafagia, nampikia uji mama mkwe ambaye tunaishi naye, halafu nakaa kwenye mashine saa tatu. Sijamaliza kipande cha mgongo, hodi. Mteja amekuja kupimisha mtoto. Anakaa, tunaongea, anaondoka. Nikirudi nimesahau nilifikia mstari wa ngapi, nahesabu upya. Hodi tena, jirani anaomba nimwangalizie mtoto kidogo aende sokoni, kwa sababu "wewe si upo nyumbani tu". Saa sita mama mkwe anauliza chakula. Mchana unaisha nina kipande kimoja mkononi. Kinachobaki nakifuma usiku watoto wakilala, mpaka saa saba, na mashine ina kelele, baba watoto analalamika hapati usingizi. Basi usiku nahamia kwenye sindano, nafuma seti za wachanga hapohapo kitandani.

Jumanne au Jumatano napanda daladala kwenda Mwanjelwa kufuata uzi. Wiki nyingine naenda mara mbili, maana nanunua wa oda iliyopo tu, ukipungua narudi. Alhamisi ni kikoba. Jumamosi kufua na mazoezi ya kwaya, Jumapili kanisani. Ukitokea msiba mtaani, na misiba haikosi, siku mbili tatu zimekwenda, na siwezi kuacha kwenda, nami nitazikwa na watu haohao.

Kuhusu hela, sweta ya mwanafunzi wa shule ya msingi nauza shilingi 15,000. Inakula uzi kama gramu 300, na kilo nanunua 20,000. Nikikaa bila kusumbuliwa naimaliza kwa saa tano, pamoja na kuunga na kupiga pasi. Seti ya mchanga nauza 12,000. Uzi wake ni ule laini, kilo 25,000, na seti moja inakula gramu 200. Muda wake sijaupima, nafuma kila usiku kidogo, wiki nzima inaweza kuishia kwenye seti moja. Ila seti hizi ndizo zinazonipa jina. Mtu akijifungua wananitafuta mimi, na wananisifia kweli.

Madeni nayo yapo. Wifi yangu alichukua seti mbili akasema atatuma hela, mpaka leo. Mwalimu mmoja wa shule ya jirani alichukua masweta 8 ya wanafunzi, akalipa 40,000, zilizobaki kila siku ni mwisho wa mwezi. Baba watoto si mtu mbaya, ila akikwama anachukua kwenye hela ya uzi, anasema atarudisha.

Sasa kuna fremu imepatikana karibu na soko la Mwanjelwa. Kodi ni 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Naona nikitoka nyumbani watu watajua niko kazini. Wenzangu wa kikoba wako tayari kunikopesha. Baba watoto yeye anasema niachane kabisa na kufuma nikauze mitumba, kwamba sweta la mtumba linauzwa elfu tatu na mimi nakesha kwa nini. Nifanye nini? Nikodi fremu, au niache?

Ndaga fijo, yaani asante sana, Shangazi.

Mfumaji wa Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Usikodi hiyo fremu. Na usiache kufuma. Nimeanza na majibu kwa sababu najua mwenye nyumba anakupigia simu na wenzako wa kikoba wanasubiri neno lako, usije ukasaini kabla hujamaliza kusoma.

Umenitajia bei ya uzi, gramu na bei ya kuuzia, na nakushukuru, wengi huniandikia malalamiko bila hesabu. Tuanze na sweta ya shule. Unauza 15,000. Uzi gramu 300 ni 6,000. Tutoe na 1,500 ya nauli, vocha na sindano za mashine zinazokunjika. Imebaki 7,500. Umefanya kazi saa tano, kwa hiyo kila saa mikono yako imelipwa shilingi 1,500.

Sasa seti ya mchanga. Unauza 12,000. Uzi gramu 200 ni 5,000, vifungo tuseme 500. Imebaki 6,500. Unasema inaweza kula wiki nzima ya usiku. Tukadirie kidogo tu, saa mbili na nusu kwa usiku, siku sita. Ni saa 15. Gawanya: kila saa imekulipa kama shilingi 430.

Mashine inakulipa zaidi ya mara tatu ya sindano, mwanangu, na hizo saa za sindano unazitoa kwenye usingizi wako. Ile kazi ya sifa ndiyo inayokumaliza. Ukiangalia pochi huoni hilo kwa sababu 12,000 na 15,000 zinafanana, hela inaingia, unashukuru. Tofauti unaiona ukihesabu saa. Mfumaji hana mali nyingine zaidi ya saa zake. Uzi kila mtu anaweza kwenda kununua.

Kwa hiyo seti nzima ya mchanga usiifume tena kwa 12,000. Atakayeitaka ni 25,000 na asubiri mwezi, na hata hapo saa yako haijafika ile ya mashine. Wengi watakataa. Waache wakatae bila kinyongo, maana nguo za wachanga za mitumba na za dukani zimejaa kila kona na mzazi ana haki ya kuchagua rahisi. Badala yake tengeneza kofia na soksi peke yake. Uzi hauzidi gramu 60, yaani 1,500. Kama unaimaliza kwa saa nne ukauza 7,000, saa imekulipa karibu 1,375, na mgeni anayekwenda kumwona mzazi anapata zawadi ya mkono anayoimudu. Pima muda wako mwenyewe kwa saa ya ukutani kabla ya kutangaza bei, mimi nakisia tu.

Baba watoto amesema kuhusu mitumba, na hoja yake isidharauliwe. Ni kweli sweta la mtumba linapatikana kwa elfu tatu, tena zito na zuri. Lakini kuna kitu hajakiangalia. Shule inataka rangi yake: hii damu ya mzee, ile kijani, nyingine bluu, bila maua wala mistari isiyo ya shule. Marobota yanafunguliwa yana rangi zote za dunia, mama atachambua asubuhi nzima na asipate damu ya mzee ya saizi ya mtoto wa darasa la tatu, sembuse apate tatu za ndugu watatu. Soko lako lipo kwenye rangi hiyo. Mteja wa sweta la kutokea mwachie muuza mitumba, wewe shika wa shule.

Na ukishamshika, mpe kitu kitakachomfanya arudi. Shingo kwanza. Unajua mwenyewe, ukifunga mishono ya shingo kwa kukaza, sweta inapendeza ikiwa imetandikwa kitandani, lakini kichwa cha mtoto hakipiti. Mama anairudisha, unafumua, saa nzima imepotea na jina limeingia doa. Funga shingo kwa mishono legevu, ivute kwa vidole viwili kabla hujakata uzi. Pili mikono. Ongeza mistari kadhaa kwenye mkono uwe wa kukunja, mwakani mtoto akirefuka mama anakunjua. Mzazi wa huku ananunua sweta akiwa na miaka miwili kichwani, na ukimwonyesha mkunjo huo anaielewa bei bila maneno mengi. Kwa msimu wa Januari nakushauri uanze kuuza 17,000. Hizo 2,000 si za uzi wala nauli, zote zinaingia kwenye mikono yako.

Tuje kwenye uzi, maana hapa unavuja. Kwenda Mwanjelwa mara mbili kwa wiki kufuata uzi wa oda moja ni kutupa nauli na nusu ya siku. Kilo moja inatoa masweta matatu na inabaki gramu 100. Nunua kilo nzima, mara moja kwa wiki. Faida yake si nauli peke yake. Wewe mfumaji unajua kwamba damu ya mzee ya leo si lazima iwe damu ya mzee ya mwezi uliopita; mtambo ukipaka rangi mara nyingine inatofautiana kidogo, na ukiunga mkono wa uzi mpya kwenye mwili wa uzi wa zamani, juani inaonekana. Na zile gramu 100 zinazobaki usizitupe. Ziweke kwenye mfuko wenye jina la shule. Ncha za mikono na viwiko ndivyo vinavyochakaa kwanza, na mzazi atakulipa 3,000 ukimfumia upya ncha za mikono kuliko kununua sweta nyingine. Hiyo ni kazi ya muda mfupi kwa uzi ambao umeshalipwa.

Sasa wiki yako. Sina nia ya kukupangia maisha, ila naona umeipa wiki siku saba za kazi na zote zina mlango wazi. Hata mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imemwekea ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na mapumziko ya saa 24 mfululizo. Wewe uliyejiajiri sheria hiyo haikufuati nyumbani, na ndiyo maana hakuna anayekuambia simama.

Chukua siku nne za kufuma: Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Ijumaa. Kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, ukitoa chakula na mambo madogo, una saa tano kamili. Hiyo ni sweta moja kwa siku, nne kwa wiki. Alhamisi ni ya barabarani: kikoba, uzi, na kupeleka mizigo, vyote kwa safari moja. Jumamosi alasiri ndiyo siku ya wateja. Kupima, kulipa, kuchukua, vyote Jumamosi. Katikati ya wiki mteja apige simu au aandike ujumbe, utamjibu jioni.

Wataudhika mwanzoni. Lakini fikiria mtu anayekwenda kwa fundi cherehani mjini: anaambiwa njoo Ijumaa, anakwenda Ijumaa. Anayekuja kwako saa yoyote anakuja kwa sababu hukuwahi kumwambia siku.

Na misiba? Hapo sikubaliani na wale wanaowaambia wanawake wa biashara wakate kwenda misibani. Umesema vizuri, utazikwa na watu haohao. Nenda. Ila uiweke kwenye hesabu. Una uwezo wa masweta manne kwa wiki, basi ahidi matatu tu, na kila mteja mwambie wiki mbili. Ukitokea msiba, siku ya nne ndiyo inayoufidia, hakuna mteja atakayegonga mlango kudai. Usipotokea, sweta ya nne fuma bila oda, rangi ya shule inayokuletea wateja wengi, saizi inayoulizwa zaidi, uiweke sandukuni. Kuanzia Septemba mpaka Desemba mapema, joto likiwa limepanda na oda zimepungua, sanduku hilo linajaa. Januari mama anakuja jioni ya kuamkia shule, unamtolea sweta iliyo tayari, analipa yote palepale. Hiyo ndiyo biashara itakayokutoa kwenye kukesha. Oda za kukimbizana za Januari na Julai zimevunja migongo ya wafumaji wengi.

Usiku ulale. Macho na viganja vyako ndiyo mtaji wa miaka ijayo, na mume apate usingizi wake.

Hela ya oda uigawe mapema, kabla hujaipenda. Kila mteja atoe nusu anapopima. Nusu ya 15,000 ni 7,500. Angalia ilivyokaa: 6,000 ya uzi na 1,500 ya gharama ndogo. Yaani nusu ya kwanza si yako, ni ya sweta. Nusu ya pili, anayolipa akija kuchukua, ndiyo mshahara wako. Ile nusu ya kwanza iwekwe kwenye laini ya simu tofauti, isiyo ya matumizi ya nyumbani, na asiyelipa nusu usimshikie sindano. Mteja akipotea, hujapoteza mtaji, na sweta ya rangi ya shule utampa mtoto mwingine wa shule hiyohiyo.

Mume wako akichukua hela ya uzi anachukua bila kujua anachochukua. Kwake ni hela ya mke iliyo mezani. Siku moja ametulia, mfungulie daftari umwonyeshe: hii 20,000 ni kilo moja, kilo moja ni masweta matatu, masweta matatu ni 45,000. Ukiondoa 20,000 leo, Jumamosi ijayo nyumba hii imekosa 45,000. Halafu mkubaliane kiasi ambacho biashara itachangia nyumbani kila wiki, kitoke kwenye mshahara wako, kijulikane. Mwanamume anayejua Jumamosi kuna kitu kinaingia hana haja ya kuchukua Jumanne. Usimfiche daftari. Kumficha kutaleta ugomvi mkubwa kuliko huo wa kelele za mashine.

Suala la mama mkwe, mwachie mwenye mama aseme na mama yake. Wewe ukisema, utaonekana umechoka kumhudumia. Mumeo amwambie kwamba mkewe kuanzia saa tatu yuko kazini, na chakula cha mchana ni saa saba. Wewe kwa upande wako uji uwe kwenye chupa ya chai tangu asubuhi, na mboga iwe imeandaliwa usiku. Heshima haijapungua. Jirani mwambie mwenyewe kwa upole: "Leo nina oda, Jumamosi nitakushikia." Na Jumamosi umshikie kweli.

Nirudi kwenye fremu, maana naona moyo wako uko huko. Kwa masweta manne kwa wiki, mshahara wako ni 30,000, kwa mwezi 120,000. Fremu inachukua 80,000, na bado hujalipa nauli ya kila siku kutoka Uyole, chakula cha mchana na leseni. Kodi ya miezi sita ni 480,000, sawa na mshahara wa masweta 64, yaani wiki 16 za kazi bila kubakiza senti. Na hiyo hela ungeikopa kikoba kwa riba. Heshima unayoitafuta ni ya haki kabisa, nakuelewa, lakini kwa bei hiyo mwenye nyumba ndiye atakayekuwa anafuma kwa mikono yako. Ukifika mahali masweta manne hayatoshi, una msichana wa kukusaidia kuunga, na sanduku linaisha kabla ya Februari, niandikie tena, tutazungumza fremu.

Kwa sasa ukitaka kutoka ukaonekane, kuna Nanenane. Viwanja vya John Mwakangale viko hapohapo jijini kwenu, na maonyesho yanaangukia mwanzoni mwa Agosti, baridi bado ipo. Nenda ofisi ya SIDO ya mkoa mapema, miezi kabla, ukaulize utaratibu wa wajasiriamali wadogo kupata sehemu ya kuuzia. SIDO ilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu wa viwanda vidogo kama wewe, usiione ofisi ile kuwa ya wakubwa.

Mkopo ukiutaka, uwe wa uzi wa msimu, si wa kodi ya ukuta. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo kaone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ukiwa na wenzako wanaofuma au kushona. Uzi wa Oktoba ukinunuliwa kwa mkopo usio na riba, Januari unajilipa wenyewe.

Daftari lina faida nyingine pia, upande wa kodi. Masweta manne kwa wiki, wiki 48, ni mauzo ya 2,880,000 kwa mwaka. Kwa viwango vya kodi ya makadirio vilivyopangwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi kodi hiyo ya mapato. Ukivuka hapo lakini hujazidi 7,000,000, asiye na kumbukumbu analipa 100,000, mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000. Ukiuza 5,000,000 una daftari, ni 30,000. Huna daftari, ni 100,000. Nenda TRA uwaulize hali ilivyo mwaka huu, ukiwa na daftari mkononi.

Yamebaki madeni. Mwalimu bado ana 80,000 zako, wifi 24,000. Jumla 104,000, zaidi ya kilo tano za uzi, masweta 15. Mwalimu mfuate ana kwa ana, usimwandikie kwenye kundi la wazazi. Muulize kwa heshima kama wazazi walishamlipa. Mkubaliane 20,000 kila mshahara ukitoka kwa miezi minne, aandike na kusaini kwenye daftari lako, na mpaka amalize usimfumie sweta nyingine hata akileta wanafunzi ishirini. Wifi, seti moja mwambie ni zawadi yako kwa mtoto, nawe uifute moyoni. Ya pili alipe 12,000. Ni ndugu yako, na ukimdai zote mbili mtakosana kwa kitu kidogo. Ukisamehe zote mbili utakuwa umemfundisha kurudi.

Wateja wako nao wanahitaji kuambiwa. Nimekuandikia ujumbe, urekebishe utakavyo:

"Habari za leo wapendwa wateja. Kuanzia wiki hii kupima na kuchukua masweta ni Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na mbili jioni. Siku nyingine tuandikiane. Oda inaanza kwa kulipa nusu, na inakuwa tayari baada ya wiki mbili. Sweta za shule 15,000, kuanzia Januari 17,000. Kofia na soksi za mchanga 7,000. Tunafuma pia upya ncha za mikono iliyochakaa, 3,000. Asanteni kwa kuniunga mkono."

Utume Jumapili jioni kwa wote, wifi na mwalimu wakiwemo, na ubandike nakala mlangoni kwa wale wasio na simu janja.

Shangazi